Kila Mtu na Chake

Mie ndiye wa stoo. Jezi huja kwangu na jasho,
zikatoka na harufu ya sabuni ya mche.
Miaka kumi na saba chuoni Limbani, hapa Wete,
mipira nimeitia upepo, soksi nimezihesabu mojamoja,
na kila mwaka, karafuu zikishaanuliwa,
nilipiga chokaa uwanja kwa ajili ya watu wa Chake.

Chake tu. Chai haijapoa kwenye chupa
umeshafika.
Machomane walikuja na madebe yao ya kupiga
na matusi waliyoyawekea akiba mwaka mzima.
Nasi tukawajibu. Sitoandika hapa tulivyowajibu,
mkwe wangu ni wa kule.

Aliyeshinda alibeba dele.
Dele la shaba, la nyumbani kwa bibi yake Hamad Faki,
limebonyea ubavu
tangu Shaame alipolikalia garini mwaka ule wa mvua.
Aliyeshindwa alimimina kahawa.
Ndiyo zawadi yote. Hakuna aliyeuliza ni shilingi ngapi.

Halafu wakaja watu watatu na kompyuta ya kupakata.
Wakakaa kwa mkuu, feni ikawashwa namba tatu,
nikapeleka madafu.
Ligi Kubwa ya Vyuo vya Mwambao,
jina refu kama kilemba.
Milioni mia nne, miaka mitatu.
Nikasikia "haki za matangazo", nikasikia "soko",
nikachungulia dirishani:
sokoni kwetu palikuwa na changu na ndizi.
"Na Machomane je?" akauliza mwalimu Time.
"Machomane hawana watazamaji," akasema mwenye tai,
na sie tuliokuwa tukiwatazama tangu hatujaota ndevu wala matiti
tukanyamaza.

Mkuu alitia saini. Simlaumu sana.
Bweni la wasichana lilikuwa linavuja,
na mabati yamekuja kweli, hilo nalo niliseme.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Tumepona mabati.

Sasa ratiba hutoka Dar, kwenye simu ya kocha.
Jumatano Tanga. Jumatatu Mtwara.
Saa tatu usiku, maana jioni
televisheni ina tamthilia yake.
Asaa, golikipa, ametapika melini mara nne;
hesabu kasomea kwenye ngazi za abiria,
daftari limekauka na chumvi.
Kifuani mwa jezi pana soda, mgongoni pana benki,
na jina la Limbani limepata pahala mkononi,
dogo, kama kovu la chanjo.

Netiboli imefutwa. Haina kamera.
Mpira wao nnao. Kila Alhamisi nautia upepo
kwa mazoea.

Juzi ilikuwa ile Jumamosi.
Nilipiga chokaa. Mkono wenyewe ulikwenda.
Timu iko Mtwara, inafungwa tatu bila
mbele ya viti vitupu vya rangi nzuri.
Simu ikalia. Hamad Faki, wa stoo ya Machomane.
"Mize," akanambia, "vijana wetu wameshavaa."
Wameshavaa waende wapi?
"Hawana pa kwenda. Wamevaa tu."
Tukasikilizana pumzi
mpaka salio likamkatika.

Jana imekuja fomu ya ligi.
Mali yote iorodheshwe, mkaguzi atapita.
Mipira thelathini, ya mfadhili.
Koni. Nyavu. Machela moja, haijabeba mtu.
Nikafika kwenye dele.
Idadi: moja.
Hali: limebonyea.
Thamani: hapo nikapapita.
Mmiliki.

Nikakaa na kalamu.
Nje walikuwa wakipigilia bango la soda
juu ya ukuta tuliokuwa tukiandika mabao kwa mkaa.
Siku hizi watu wasema, kila mtu na chake.
Haya.
Nikaandika kwa herufi kubwa, wino wa buluu:
CHAKE.